Ardhi inayopumzika ni ya nani?

MIAKA miwili iliyopita, baada ya darasa la fiqhi ninalosomesha kila Jumatano baada ya Magharibi, ndugu yetu mmoja alinifuata akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na ramani iliyochorwa kwa kalamu, pamoja na nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilwa. Muhtasari ule ulisema kijiji kina ekari 60 za "pori lisilotumika" na kwamba kipo tayari kuwapatia watu wenye uwezo wa kuliendeleza, kwa mchango wa shilingi 70,000 kwa ekari. "Tukiwa saba," akasema, "kila mmoja anatoa laki sita tu. Na hili lina ujira, mwalimu. Si umetusomesha mwenyewe kwamba anayehuisha ardhi mfu inakuwa yake?"

Kweli, nilikuwa nimesomesha hivyo, tena wiki mbili tu kabla. Nikatoa laki sita zangu.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi mjini tumewahi kufikiwa na bahasha kama ile. Kama si ya Kilwa, basi ni ya Rufiji, Mkuranga, Handeni au Bagamoyo. Tunaambiwa kuna pori, bei ni ya kutupa, na wenyeji "wamekaa tu". Hatuulizi zaidi. Leo nataka tuulize swali moja ambalo kwa hakika ni la halali na haramu kabla ya kuwa la uchumi: ardhi ambayo mtu ameiacha ipumzike, inahesabika kuwa imeachwa?

Tulikwenda kuliona pori lenyewe. Kutoka barabara kuu iendayo Lindi ni mwendo wa pikipiki wa zaidi ya saa nzima. Macho yangu ya mjini yaliona vichaka tu, miti ya unene wa mkono, na nyasi zilizotuzidi kimo. Tulipokuwa tukipima kwa kamba, akatokea mzee mmoja mwenye panga begani. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee wetu." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini humu shambani?"

Shambani! Mmoja wetu akatabasamu. Tukamweleza. Mzee hakugomba. Alituongoza hatua kama arobaini hivi, akafyeka majani na kutuonyesha kisiki cha zamani chenye makovu ya shoka, kilichochipua matawi manne. "Huu niliukata mimi," akasema, "na sikuung'oa, ili uote tena." Akatuonyesha mihogo iliyogeuka mwitu, kisha mahali palipokuwa na dungu lake la kulindia nguruwe. Alitueleza kwamba mwaka wa kwanza baada ya kufyeka na kuchoma alipanda ufuta, wa pili mahindi na kunde, kisha mihogo. Kiduha kilipoanza kutokeza mashina ya mahindi akajua ardhi imechoka, akaipumzisha. "Huu ni mwaka wa saba. Bado. Likifika kumi na mbili hivi nitarudi mimi, au atarudi mwanangu." Anayo mapande matatu ya namna hiyo. Analima moja, mawili yamelala.

Nikamuuliza, kwa kutaka kuonyesha kwamba nimesoma, kama hicho ndicho kilimo cha kuhamahama. Akacheka. "Mimi sihami, mwanangu. Nyumba yangu ipo palepale tangu nizaliwe, ila tulivyosombwa wakati wa vijiji. Kinachohama ni jembe."

Maneno yale yalinirudisha kwenye vitabu. Sisi tuliosoma shule za nchi hii tulifundishwa kwamba kilimo cha kuhamahama ni hatua ya ujinga: mtu anakata miti, anachoma, anaharibu, anakimbia. Hatukufundishwa kwamba kuacha ni sehemu ya kulima. Udongo wa kichanga wa pwani yetu haushiki rutuba kwa muda mrefu. Mvua mbili tatu kubwa huipeleka chini ambako mizizi ya mahindi haifiki. Miti inayoota baada ya shamba kuachwa huifuata huko chini kwa mizizi mirefu, huipandisha kwenye majani, na majani huianguisha juu ya ardhi. Kivuli huua kiduha na magugu mengine yanayopenda jua. Moto wa siku moja hugeuza kazi hiyo ya miaka kumi na mbili kuwa majivu, nayo ndiyo mbolea ya mtu asiye na fedha ya mbolea. Kwa hiyo lile pori la mzee halikuwa limekaa bure. Lilikuwa kazini, ila mfanyakazi wake hakuwa mtu.

Wataalamu nao walichelewa kuliona hili. Mwaka 1957 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa wito kwa serikali na watafiti, likikitaja kilimo hiki kuwa kikwazo kikubwa cha maendeleo ya kilimo na uhifadhi wa misitu katika nchi za joto. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo shirika hilohilo lilichapisha utafiti wa Harold Conklin, Mmarekani aliyeishi na Wahanunoo wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino. Conklin alikuta shamba moja lina hadi aina 40 za mazao kwa wakati mmoja, na wakulima wanaojua mimea ya msitu wao kuliko mtaalamu yeyote. Wito ulisikika, utafiti ukabaki maktaba.

Jirani zetu Wabemba wa kaskazini mwa Zambia walikuwa wamekwisha yaonja hayo zamani. Wao mti hawaukati shina. Wanapanda juu na kupogoa matawi, wanayakusanya kutoka eneo kubwa na kuyarundika katika duara moja, wanachoma, wanapanda ulezi kwenye majivu. Wanaita chitemene. Mwaka 1906 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala huko iliupiga marufuku, ikitaka watu wakae vijiji vikubwa ambako ni rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi. Ikaja njaa na manung'uniko, na mwaka 1909 marufuku ikaondolewa. Miaka ya 1970 na 1980 serikali huru ya Zambia ilipeleka mahindi ya kisasa na mbolea ya bei nafuu, na watu wengi wakayapokea bila kuuacha mfumo wao moja kwa moja. Ruzuku ilipokatwa chini ya masharti ya wakopeshaji, wengi walirudi kwenye majivu na mihogo. Yaani hawakuwa wakaidi wa maendeleo. Walikuwa wakipima. Penye mbolea walilima papo kwa papo, palipokosekana mbolea waliurudisha msitu kazini.

Sasa turudi kwenye fiqhi, maana ndiko nilikotegwa.

Hadithi ya kuhuisha ardhi mfu ni maarufu, na Maimamu wameijengea mlango mzima. Lakini wengi wetu tunaishika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Katika mapokezi hayohayo Mtume (SAW) ameeleza kwamba mzizi wa dhalimu hauna haki. Imepokewa pia kwamba mtu alipanda mitende katika ardhi ya mwingine, wakashitakiana mbele ya Mtume (SAW). Ardhi ikahukumiwa kuwa ya mwenyewe, na mwenye mitende akaamriwa aing'oe, nayo ilikuwa imekwisha kuwa mirefu, ikapigwa mashoka mizizini. Tafakari hapo, ndugu msomaji. Yule mtu alikuwa "ameendeleza". Alipanda, alimwagilia, miti ikakua. Uendelezaji wake haukumfaa kitu kwa kuwa ardhi haikuwa mfu; ilikuwa na mwenyewe.

Basi ardhi mfu ni ipi? Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayosomeshwa pwani hii tangu vyuoni, ni ile ambayo haijapata kuamirishwa katika Uislamu, wala si hariim, yaani maeneo ambayo mji au kijiji hakiwezi kukamilisha maisha yake bila ya hayo: malisho, njia, mahali pa kuokota kuni. Ama ardhi iliyokwisha kuamirishwa na mwenyewe anajulikana, hairudi kuwa mfu kwa sababu tu majani yameota. Wanazuoni wa Kimaliki wana kauli nyingine, kwamba ikirudi kuwa pori kabisa anaweza kuja mwingine akaihuisha, na sitaki kuificha kauli hiyo kwa kuwa tu haininufaishi. Lakini hata huko suala ni la aliyeiacha shamba lake likafa. Mzee wetu hakuiacha. Anajua ina mwaka wa saba, anajua atarudi lini, na anapita na panga kuiangalia. Atakayeiita hiyo kuwa ni kutelekeza, aeleze pia kwa nini mwenye kufunga duka mwezi wa Ramadhani mchana hakulitelekeza.

Tulipofika hapa kwenye mjadala wetu wa wale saba (maana tulijadiliana usiku kucha katika nyumba ya wageni), mwenzetu mmoja mwenye elimu alitoa hoja nzito kuliko zote. Akasema: je, Sayyidna Umar (RA) hakuweka miaka mitatu? Ni kweli. Imepokewa kwamba Umar alihukumu kuwa aliyeiwekea ardhi alama hana haki nayo baada ya miaka mitatu kama hakuiamirisha. Tena alimwendea Bilal bin Harith, aliyepewa bonde la Aqiq na Mtume (SAW) mwenyewe, akamwambia abaki na anachoweza kukilima na kilichozidi akirudishe kwa Waislamu. Kama sahaba alinyang'anywa, mzee huyu ni nani?

Nilinyamaza muda mrefu. Kisha nikaona jambo ambalo, Allah anisamehe, nilikuwa nimelisomesha miaka sita bila kuliona. Umar alikuwa akimzungumza nani? Alikuwa akimzungumza mwenye tahjiir: mtu anayepanga mawe pembeni, anachora mstari, anazuia wenzake, kisha anakaa. Mtu ambaye hajalima hata siku moja. Je, ni mzee mwenye panga huyo, au ni sisi saba tuliokuja na kamba na saruji ya kumwagia bikoni? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia ya kulima. Tulikuwa tunangojea bei ipande. Miaka mitatu ya Umar haikumlenga mwenye ardhi inayopumzika. Ilimlenga mwenye ardhi inayongojea mnunuzi. Na ile hadithi nyingine, ambayo Mtume (SAW) anamtaka mwenye ardhi ailime au ampe ndugu yake ailime, nayo ilituangukia sisi.

Sheria ya nchi haitusaidii sana kulikwepa swali hili, kwani yenyewe imegawanyika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inahesabu ndani ya ardhi ya kijiji hata ile iliyokuwa imepumzishwa katika miaka 12 iliyotangulia sheria. Hapo mzee yupo salama. Lakini Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika kwa macho ya nani? Mlango huo mdogo umepitisha mambo makubwa. Katika miaka iliyozunguka 2008, makampuni ya kigeni yalichukua maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa kwa ajili ya mibono ya mafuta. Miradi ikafa, na wanakijiji wakabaki wakihangaika kuzirudisha ardhi zao. Kabla yake, mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa Usangu na wengi wao kuelekezwa Lindi na Pwani, nao pia waliambiwa kuna pori huko. Mkulima na mfugaji wakaumizana kwa neno moja lililoandikwa ofisini.

Wala tusidhani dhuluma hii hufanywa na wasio Waislamu tu. Katika milima ya Chittagong, kusini mashariki mwa Bangladesh, wapo Wachakma, Wamarma na makabila mengine, wengi wao Mabudha, ambao hulima mlimani kwa kufyeka, kuchoma na kupumzisha. Kilimo hicho wanakiita jum, na wenyewe kwa pamoja hujiita Wajumma kwa jina hilo. Bwawa la Kaptai lililokamilika mwaka 1962 lilizamisha kiasi cha asilimia 40 ya ardhi nzuri ya mabondeni na kuwahamisha watu wapatao laki moja. Kisha kuanzia mwaka 1979 serikali ilipeleka huko mamia ya maelfu ya wakulima kutoka nyanda za chini, ndugu zetu Waislamu, masikini wa kweli wasio na ardhi, wakapewa vipande kwa hoja kwamba milima ile ni ardhi ya serikali isiyo na mtu. Ilikuwa mapumziko ya jum. Damu nyingi ilimwagika hadi mkataba wa amani wa Desemba 1997, na migogoro ya ardhi haijaisha mpaka leo. Wajumma wenyewe wamelazimika kubadilika: wamepunguza miaka ya kupumzisha hadi mitatu au minne, wamepanda mananasi, manjano na tangawizi, wengine miti ya mbao. Anayetaka kujua kwa nini mlima umechakaa asianze na moto wa mkulima. Aanze na nani alichukua mashamba yaliyokuwa yamelala.

Nasema hivi bila kutaka kumsafisha mkulima wetu. Hali ya Kilwa na Liwale ya leo si ile ya babu zetu. Bei ya ufuta ilipopanda, watu walianza kufyeka msitu mkubwa usiowahi kuguswa, wanalima misimu miwili, wanasonga mbele, na nyuma yao unafuata mkaa. Moto unaoachiwa kiangazi hauchagui shamba la nani. Mzee mwenyewe alikiri kwamba mdogo wake anarudi mwaka wa nne na kuvuna nusu ya alichokuwa akivuna baba yao. Watu wameongezeka, na ardhi haijaongezeka. Mwenye mapande matatu anaweza kupumzisha. Mwenye pande moja anapumzisha nini?

Lakini nilimuuliza kwa nini mdogo wake anarudi mapema hivyo, na jibu lake limekaa moyoni mwangu kuliko vitabu vyote nilivyovitaja. Alisema: "Anaogopa. Pori likikua sana, wakija wapimaji wanasema halina mtu. Bora alichome." Wengine wanaotaka kulinda ardhi yao wanapanda mikorosho kabla udongo haujapona, kwa kuwa kwa desturi ya pwani mti ni ushahidi wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya ukoo. Mkorosho umegeuka hati. Ni akili nzuri, nami siwalaumu, na wengine korosho zimewatoa. Ila mahali palipopandwa mkorosho hapatarudi tena kuwa shamba la mahindi na kunde. Na mtoto wa ndugu asiyekuwa na mche wake hana pa kushika jembe, ilhali zamani pori la ukoo lilikuwa la kila mwenye nguvu za kufyeka. Hivyo ndivyo kilimo hiki kinavyobadilika kwetu, na mabadiliko yenyewe hayaletwi na jua wala mvua peke yake. Yanaletwa pia na bahasha zetu za kaki. Sisi tunasema pori halitumiki, mkulima anasikia, anaacha kulipumzisha, ardhi inachoka, kisha tunarudi na kusema: mnaona, hawajui kulima.

Kuna kisa cha Umar (RA) ambacho siku hizi nakisomesha pamoja na kile cha miaka mitatu. Alipotenga malisho ya hifadhi, alimwagiza msimamizi wake, Hunayy, amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Sababu aliyoitoa ni kwamba wale wakubwa, wanyama wao wakifa, wanayo mitende na mashamba ya kurudia; lakini masikini wanyama wake wakifa atamjia yeye na watoto wake akilia. Nani kati yetu na mzee yule ana pa kurudia? Sisi saba wote tulikuwa na mishahara.

Asubuhi ile nilisema sitaki tena, nikaeleza sababu zangu. Mwenye bahasha hakukasirika. Alisema mwalimu ana wasiwasi mwingi, na kwamba kijiji kimeamua, tena kwa muhuri. Alipendekeza mzee apewe kitu kidogo cha kifuta jasho. Nikauliza jasho gani, ikiwa pori halijatumika? Hapo kidogo palikuwa na ukimya. Wenzangu wawili waliniunga mkono mpaka tulipofika Dar es Salaam, kisha wakabadili mawazo.

Laki sita zangu zilirudi baada ya miezi mitano, mtu mwingine alipopatikana wa kuchukua nafasi yangu. Mzee alipokea shilingi laki mbili na kutia dole gumba. Pande lake la pili, nimesikia, kalichoma mwaka huohuo likiwa na miaka mitano tu. Za kwetu ekari 60 zina bikoni nane zilizopakwa rangi nyeupe, na hakuna aliyepanda hata mche mmoja. Mwakani unatimia mwaka wa tatu.